Mkono wa Mutindi

Siku ya soko mjini Kitui, asiyesukumwa ni yule aliyebaki nyumbani. Mutindi hakubaki nyumbani. Alikuwa katikati ya Soko la Kalundu, kapu begani, gauni lake la maua ya manjano limemganda mgongoni kwa jasho, akitafuta ukwaju uliokauka vizuri. Ilikuwa Oktoba mwaka wa tisini na sita, miezi ile ambayo jua la Kitui huwaka kama lina kisasi na mtu, na mvua bado ni habari ya kusikia redioni.

Alikuwa anaonja ukwaju wa mama mmoja alipoona watu wamejazana mbele ya wauza mbaazi. Katikati yao alisimama kijana mrefu, shati jeupe, mikono imekunjwa hadi viwikoni, kiondo kikining'inia begani. Ndani ya kiondo mlikuwa na betri ya pikipiki. Waya mbili zilitoka kwenye betri zikaingia katika kibao cha mbao chenye bati katikati.

"Weka kiganja hapa, nyanya," kijana alimwambia bibi mmoja. "Haya. Unasikia nini?"

"Joto," bibi akajibu, macho ameyafumba.

Kijana akabonyeza kitu. "Na sasa?"

"Aiya! Baridi! Baridi kama maji ya mtungini!" Bibi akacheka hadi kilemba kikalegea. "Hebu rudia!"

Mutindi alikuwa ameishi mjini muda wa kutosha kuwajua matapeli. Aliwaona wa karata tatu, akawaona wa dhahabu ya kuokota. Huyu wa kibao alikuwa mpya, lakini hakumbabaisha. Akapaza sauti:

"Akina mama, shikeni vibeti vyenu! Huyu anawashika mikono, mwenzake anawashika mifuko!"

Soko likalipuka. Kila mtu akajipapasa. Bibi aliyekuwa akicheka akaondoa mkono kama aliyegusa nyoka.

"Dada!" kijana akalia. "Mimi sina mwenzangu!"

"Na hiyo iliyo ndani ya kiondo ni nini?"

"Ni betri!"

"Basi huyo ndiye mwenzako," Mutindi akasema, na watu wakaangua kicheko.

Kijana naye akacheka, bila kinyongo, meno yote nje. "Njoo ujaribu mwenyewe basi, ndipo unitukane."

"Mkono wangu haushikwi bure bure," akamjibu. Akanunua ukwaju wake, akaenda zake. Alipogeuka mara ya mwisho, askari wa soko alikuwa ameshafika, na yule kijana alikuwa anaeleza kwa mikono miwili.

Mutindi alifanya kazi kwa Bi Mwanamkasi, mama wa Kiswahili ambaye babu yake alikuja Kitui na biashara kutoka pwani, na uzao wake haukurudi tena. Duka lake lilikuwa la vinywaji: soda, maziwa mala, sharubati, na barafu za ukwaju zilizogandishwa ndani ya vifuko vya nailoni. Barafu hizo zilikuwa kazi ya Mutindi. Aliuroweka ukwaju, akauchuja, akatia sukari na iliki kidogo, akafunga vifuko, kisha siku nzima mikono yake iliingia na kutoka ndani ya friza kubwa la kufunika kwa juu.

Jioni ile Bi Mwanamkasi alimwita, miwani puani. "Mutindi mwanangu, chumba cha juu kimepata mpangaji. Mwalimu wa kompyuta. Njoo umsalimie."

Mutindi akageuka. Alikuwa ni yule wa kibao.

"Ninaitwa Ndeti," kijana akasema, akijitahidi kutocheka. "Na huyu," akagonga kiondo, "ni mwenzangu."

Mutindi alitamani kuingia ndani ya friza ajifunike.

*

Wapangaji wa juu walikuwa lazima wapite dukani ndipo wazipande ngazi, na Ndeti akawa anapita mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Asubuhi alitaka soda. Saa nne alitaka barafu. Mchana alitaka kujua kama barafu zimekwisha.

"Mwalimu, utapata mafua," Mutindi alimwambia siku moja.

"Si barafu ninayoijia."

"Unajia nini?"

"Matusi. Tangu siku ile sokoni sijatukanwa vizuri."

Bi Mwanamkasi alijifanya anahesabu chupa, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Darasa alilolifungua Ndeti huko juu lilikuwa na kompyuta chache za mitumba na wanafunzi waliotaka kazi za ofisini. Mutindi naye alitaka kujifunza. Hakupanga kuzeekea ndani ya friza. Bi Mwanamkasi akamruhusu kupanda kila alasiri duka likipoa. Siku ya kwanza alikaa nyuma, gauni lake la buluu lenye kola nyeupe, vidole vikitafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa. Akakosea. Mashine ikalia *piip!* Darasa zima likageuka. Akakosea tena. *Piip!* Msichana wa mbele akaguna kwa kicheko.

Wengine walipoondoka, Ndeti akavuta kiti.

"Sasa umeelewa kazi ya kile kibao?"

"Hata kidogo."

"Nilipokuwa chuoni Nairobi, mara ya kwanza kukaa mbele ya kompyuta, ililia hivyohivyo. Nikasikia wenzangu wanacheka. Kila ilipolia nikatetemeka, nikitetemeka nakosea, nikikosea inalia." Akatikisa kichwa. "Nikajiuliza, kwani lazima mashine ipige kelele? Mama akikukanya mbele ya wageni hapigi kelele. Anakugusa tu, na mnaelewana wawili."

Akakitoa kile kibao, sasa kimekuwa ubao uliopigwa randa na kuunganishwa na kompyuta. Chini ya bati palikuwa na kigae kidogo alichokitoa Nairobi: ukikipitishia umeme, uso mmoja unapata moto na mwingine unapoa, ukiugeuza umeme, nyuso zinabadilishana. Mwanafunzi angeegemeza kiganja pale akiandika. Akienda sawa, joto kidogo. Akikosea, baridi. Hakuna wa kusikia, hakuna wa kuona. Mashine na mkono wake, basi.

Mutindi aliupapasa ule ubao kwa kidole. Kisha akasema polepole, "Nilikutukana bure sokoni."

"Hapana. Yale yalikuwa matusi mazuri sana. Usiyafute."

Wiki hiyo wanafunzi walianza kutumia ubao, na Mutindi ndiye aliyegundua kichekesho. Wale waliokuwa wakiandika vizuri wakaanza kukosea. Alasiri, jua likiwa limepasha mabati ya paa, makosa yalimiminika. Alimtazama yule msichana wa kiti cha mbele: akikosea, anafumba macho kwa raha.

"Ndeti," akamnong'oneza ngazini, akijizuia kucheka, "wanakosea makusudi!"

"Kwa nini?"

"Umewapa baridi! Oktoba! Nani alikwambia hapa Kitui baridi ni adhabu?"

Ndeti akaduwaa, kisha akaketi pale pale kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi. "Vitabu vyote nilivyosoma viliandikwa na watu wa nchi za theluji!"

"Basi geuza. Anayepatia apewe baridi."

"Na Julai, ukungu ukishuka?"

"Julai utageuza tena. Kwani kuna nani anayekufukuza?"

Akamtazama, kicheko kikiisha usoni. "Mutindi, ukiondoka hapa mimi nitafanyaje?"

"Utapata mafua," akasema, akashuka mbio kabla hajaonekana anavyotabasamu.

Jumapili baada ya ibada wakaenda Mwamba wa Nzambani, Mutindi kwa sketi ya marinda na viatu vya kuazima kwa jirani, Ndeti kwa tai ambayo upepo uliirusha begani muda wote. Wenyeji husema ukiuzunguka mwamba ule mara saba unageuka: mwanamume anakuwa mwanamke. Ndeti akaanza kuzunguka. Mara ya tatu Mutindi alicheka. Mara ya tano alikoma kucheka. Ya sita ilipokaribia mwisho akamshika mkono kwa nguvu.

"Inatosha!"

"Unaogopa nini?"

"Wewe ukigeuka, mimi nitaolewa na nani?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Ndeti hakuuachia ule mkono njia nzima ya kurudi.

*

Mambo yaliharibika mwezi uliofuata, na yaliharibiwa na simu.

Chuo kimoja cha Nairobi kilikuwa kimesikia habari za ubao. Wakubwa wake wangekuja kuuona, na ukiwapendeza, wangemsaidia Ndeti kutengeneza nyingine nyingi. Sharti lilikuwa moja: ufanye kazi kwa mkono wa kila mtu. Ndeti akawajaribu wanafunzi wake wote, wazee kwa vijana. Wote walisikia. Mmoja tu hakusikia.

"Sasa?" alimwuliza Mutindi kila alasiri.

"Sijui. Labda joto?"

"Ni baridi hiyo, mpenzi. Na sasa?"

"Naona kama ni ileile."

Mwanzoni walicheka. Kisha Ndeti akaacha kucheka. Usingizi ukampungua, akawa anapita dukani bila kutaka soda wala matusi.

Simu ya pekee katika jengo lile ilikuwa ya Bi Mwanamkasi, pale kaunta, na laini ya Nairobi ilikuwa mbovu hivi kwamba mtu alilazimika kupiga kelele. Siku hiyo saa saba duka lilijaa: makarani, madereva, walimu, kila mmoja na chupa yake. Mutindi alikuwa amejiinamia nyuma ya friza akipanga vifuko, haonekani. Ndeti akaingia mbio, akampigia Jabiri, rafiki yake wa chuoni aliyekuwa amemtafutia wale wageni.

"Haloo! Jabiri! Tatizo ni Mutindi!" akapaza sauti. "Ndiyo, Mutindi! Ni baridi tupu! Hasikii kitu! … Nimejaribu polepole, nimejaribu kwa nguvu, hakuna! … Nasema hana hisia! … Nitamwacha huyu, nitafute msichana mwingine kabla wageni hawajaja!"

Chupa zilisimama midomoni. Dereva mmoja akapiga mbinja. Mwingine akasema, "Pole, mwalimu!" na duka zima likapasuka kwa kicheko.

Hapo ndipo Mutindi alipoinuka nyuma ya friza, vifuko vya barafu bado mikononi.

Ndeti alimwona. Akaiacha simu ikining'inia. "Mutindi, ngoja, si hivyo…"

Mutindi aliviweka vifuko juu ya kaunta kimoja baada ya kingine, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja yai. Akavua aproni. Akapita katikati ya watu, kichwa juu, na hakulia mpaka alipofika chumbani kwake. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye basi la kwenda mji wa Wote, kwa dada yake.

*

Mbula, dada yake mkubwa, alikuwa fundi cherehani mjini Wote, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Alimpa Mutindi kazi ya kutia vifungo na hakumwuliza lolote siku mbili. Ya tatu akasema, "Hiyo blauzi umeitia vifungo mgongoni."

Ndipo Mutindi akamweleza.

Simu ilikuwa katika duka la jirani, na ilianza kulia. Aliyepiga kwanza alikuwa Bi Mwanamkasi.

"Mwanangu, kijana amenieleza. Alikuwa anasema juu ya mkono wako. Mkono, kwenye kile kidude chake! Si wewe."

"Najua, mama. Nilielewa nikiwa kwenye basi."

"Basi rudi!"

"Mama, watu waliocheka hawakujua ni mkono." Akahamishia simu sikio la pili. "Anatengeneza ubao watu wasiaibishwe mbele ya wenzao. Mimi ndiye wa kwanza kumwambia ni kitu kizuri. Halafu ananitangaza mimi, dukani, saa ya chakula. Na mkono wangu ulikuwa na kosa gani? Aliulaumu tu, hakuuliza."

"Hilo una haki," akasema Bi Mwanamkasi. "Nitamwambia."

Alimwambia, na si kwa upole. Kisha, kwa vile hakuwa na msaidizi, akamfunga Ndeti aproni. "Umenifukuzia mfanyakazi. Barafu hazijifungi zenyewe."

Ndeti akashinda kwenye friza siku nzima. Jioni akapanda darasani kujaribu ubao, akaweka kiganja, na hakusikia kitu. Akaangalia waya: ziko sawa. Akapima bati kwa kipimajoto: limepoa vizuri. Akaweka tena kiganja: kana kwamba ni vuguvugu. Akautazama mkono wake mwekundu, uliokakamaa kwa barafu, kisha akajipiga kipaji cha uso kwa mkono huohuo.

Siku zote Mutindi alipanda darasani akitoka kwenye friza. Kwa mkono uliotoka kwenye barafu, kile Ndeti alichokiita baridi kilikuwa joto, na kile alichokiita joto kilikuwa joto vilevile. Ngozi haijui joto ni kiasi gani. Inajua tu kama limezidi au limepungua kuliko lile ililokuwa nalo. Yeye alikuwa ameupimia ubao kwa mkono wake mwenyewe uliokaa kivulini, akadhani mikono yote duniani imekaa kivulini.

Akampigia Jabiri, akaomba wageni waahirishwe. Akafanya kazi wiki nzima. Ubao mpya, kabla ya kufanya lolote, ulitulia kwanza chini ya kiganja, ukapima kimekuja kikiwa na joto gani, ndipo ukapanda au kushuka kutoka hapo.

Ijumaa, saa saba, simu ya jirani ililia huko Wote. "Ni ya Mutindi! Kuna kelele kama ya harusi!"

Mutindi akashika mkono wa simu. Alisikia chupa zikigongana. Alilijua lile duka.

"Mutindi!" Ilikuwa sauti ya Ndeti, na alikuwa anapiga kelele kuliko laini ilivyohitaji. "Niko kaunta! Duka limejaa! Wale wote wa siku ile wapo, nimewanunulia barafu wasiondoke!"

"Unataka nini?"

"Nataka wasikie! Mutindi hana baridi! Mutindi hakukosa hisia! Aliyekosa akili ni mimi! Mkono wake ulikuwa umetoka kwenye friza, na mimi sikuuliza! Kosa ni la ubao wangu na la mdomo wangu!"

Kisha sauti ya dereva: "Hata sisi tulicheka vibaya, dada! Utusamehe!" Na mwingine: "Rudi bwana, barafu za mwalimu hazina sukari!"

Mutindi alijifunika mdomo. Mbula, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkasi, akauliza, "Unalia au unacheka?"

"Sijui," akasema Mutindi. Kisha kwenye simu: "Ndeti."

"Naam, mpenzi!"

"Punguza sauti. Nakusikia."

Ndeti akaisogeza simu karibu. Sauti yake ikawa ya chini, ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. "Wageni watakuja Jumatano. Lakini sikupigii kwa ajili ya mkono wako. Hata usipougusa ubao maisha yako yote, rudi. Nimekukosa mpaka sioni raha ya kukosewa adabu na mtu mwingine."

"Nitakuja Jumanne," akasema. "Na usiguse tena ukwaju wangu."

*

Wageni wa Nairobi walikuwa wawili, wanaume wa suti na vipaji vya uso vinavyomeremeta kwa jasho. Mutindi alivaa suti ya sketi aliyoshonewa na Mbula, ya rangi ya zambarau, na akashuka kwanza dukani kushika barafu hadi vidole vikafa ganzi. Hakuna aliyemwagiza. Akapanda, akaketi, akaweka kiganja. Ubao ukatulia. Akaanza kuandika, macho mbele. Ndeti alisimama dirishani, hawezi kutazama.

"Unasikia?" mgeni mmoja akauliza.

"Ngoja," akasema Mutindi. Akaandika mstari mzima. Kisha akatabasamu. "Hapo nimekosea. Ni herufi ya pili kutoka mwisho."

Mgeni akainamia kioo. Ilikuwa kweli. Akaweka kiganja chake mwenyewe, akaandika, akakosea, akaguna, akafuta haraka akitazama kama mwenzake ameona. Hakuwa ameona. Mgeni akacheka peke yake kama mtoto.

Hawakutoa mali nyingi. Waliagiza mbao za kutosha darasa moja, wakasema wataona. Lakini Ndeti alipowasindikiza hadi garini alirudi akiruka ngazi tatu tatu.

"Tumepata!" akasema. Kisha akasimama ghafla mbele ya Mutindi, akasahau maneno. "Sasa… Mutindi… nilikuwa nafikiri…"

"Baba yuko Zombe," akasema Mutindi, akikunja waya kana kwamba anaeleza habari za mvua. "Ana shamba karibu na soko. Mtu akiwa na jambo la kufikiri, huenda akafikirie huko. Na haendi mikono mitupu."

Mvua zilipokuwa zimenyesha na mbaazi kutoa maua, Ndeti alifika Zombe na wazee wake na mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao hakuna Mkamba anayeweza kusema ameposa. Wanawake waliimba. Bi Mwanamkasi alikuja na buibui lake jipya na bilauri za sharubati. Mzee Mutua, babaye Mutindi, mtu wa kanisa na wa mbuzi, aliwakagua wale wanyama meno na kwato, kisha akamgeukia Ndeti.

"Wanasema unafanya kazi ya kupasha mbao moto."

"Na kuzipoza, baba."

"Na kazi hiyo inalisha mtu?"

"Inaanza kulisha, baba. Na mkono wangu mwingine unajua kufunga barafu."

Mzee aliguna, na haikujulikana kama ni kicheko. Akainua mkono mpaka uwanja wote ukatulia. Kisha akamwita bintiye kutoka jikoni, kama desturi inavyotaka, mbele ya wazee wa pande zote.

"Mutindi. Watu hawa wameleta mbuzi. Nikiwala, siwezi kuwatapika. Unamjua huyu kijana?"

Mutindi alisimama kwa gauni jeupe, shanga shingoni. Watu wote walikuwa wanamtazama, na safari hii hakuona haya hata chembe.

"Namjua, baba," akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye zizi. "Hao mbuzi, uwale."